Nishikie Nafasi, Mama Nyambura

PENINAH: Haloo? Ni nani?

CHEPKOECH: Ni mimi.

PENINAH: Mimi nani? Hii namba siijui. Kama ni yale mambo ya bima, mimi sina gari—

CHEPKOECH: Mama Nyambura, usikate. Ni Chepkoech.

PENINAH: Chep? Woi. Uko wapi wewe? Nimekupigia mpaka kidole kimekufa ganzi, simu yako inanipeleka kwa yule mzungu wa kuacha ujumbe.

CHEPKOECH: Imezima, chaji imeisha. Hii ni ya dereva. Anaitwa Abdisamad, ni Msomali wa Garissa, Mungu amuweke. Amenikuta nikilia kando ya barabara Lozells.

PENINAH: Lozells? Unafanya nini Lozells saa hii?

CHEPKOECH: Si sherehe ni Lozells?

PENINAH: Sherehe ilihamishwa, Chep. Iko Shard End.

CHEPKOECH: Sasa najua. Nimefika pale ukumbini nikakuta mnyororo mlangoni na karatasi. Siku ya majira ya kuchipua, maua, keki, michezo ya watoto, meza za kuomba kazi, yote yamepelekwa Shard End. Nilisoma mara tatu nikidhani sielewi Kiingereza.

PENINAH: Lakini si mwenyekiti wetu Bethuel alituma kwa grupu ya WhatsApp Jumatano? Yule Dipika wa ukumbi alimpigia, akamwambia paa linavuja. Bethuel akaandika kwa herufi kubwa kabisa.

CHEPKOECH: Mimi siko kwa grupu.

PENINAH: Haukoje kwa grupu?

CHEPKOECH: Nilitoka mwezi uliopita.

PENINAH: Chep.

CHEPKOECH: Bethuel anatuma maombi saa kumi na moja alfajiri, halafu watu mia na hamsini wanaandika amina mmoja mmoja. Siku hizi usingizi unanipata saa kumi. Nikifumba macho tu, amina, amina, amina. Nikatoka. Nilijiambia ni mambo ya harusi na matanga, nitakosa nini.

PENINAH: Ungezima sauti tu.

CHEPKOECH: Sijui, Mama Nyambura. Ningezima sauti. Uko kwa laini ya ile meza?

PENINAH: Niko. Nimesimama hapa tangu saa nne asubuhi, nimekushikia nafasi kama nilivyokuahidi.

CHEPKOECH: Mbele yako kuna wangapi?

PENINAH: Wawili.

CHEPKOECH: Wawili tu? Yesu. Na zile nafasi?

PENINAH: Meneja wa nyumba ya wazee alikuja na mbili. Amesema wazi, ana vyeti viwili vya kudhamini mtu, na vikiisha anafunga meza. Akikosa watu wa kumfaa, anafunga saa tisa vilevile.

CHEPKOECH: Sasa ni saa ngapi?

PENINAH: Saa nane na nusu.

CHEPKOECH: Abdisamad, tafadhali, hakuna njia nyingine? ... Anasema barabara zimefungwa. Kuna mbio leo, zile za kuchangisha. Sisi tumekwama hapa Aston na mbele yetu kuna mwanaume mzima amevaa mavazi ya kuku, anakimbia akipungia watu mkono.

PENINAH: Muombe Abdisamad apitie nyuma, atokee Saltley.

CHEPKOECH: Ndiyo anajaribu. Mama Nyambura, nisikilize. Usitoke hapo. Hata ukibanwa na mkojo, usitoke.

PENINAH: Sitoki.

CHEPKOECH: Jumanne, umesikia? Zile siku sitini serikali walinipa kwa barua baada ya kampuni yetu kunyang'anywa kibali cha kudhamini, zimebaki tatu. Jumanne usiku ikipita sina mwajiri mwingine wa kunidhamini, mimi ni wa kufunga sanduku. Nimeandikia nyumba arobaini na moja za kutunza wazee. Arobaini hawakujibu, na huyo mmoja aliniambia niwe na wikendi njema.

PENINAH: Najua, mpenzi. Si tulikuwa tunaandika pamoja?

CHEPKOECH: Nikirudi nitarudia nini? Baba aliuza shamba lake lote la chai nije huku ng'ambo. Bado anaamka asubuhi anavaa viatu vya gambuti, anaenda kusimama kwa ua kuangalia watu wengine wakichuma. Mama ndiye ananiambia, yeye hasemi. Nitashukaje Bomet nimuangalie usoni?

PENINAH: Usiongee hivyo. Uko njiani, utafika.

CHEPKOECH: Hizo kelele ni za nini?

PENINAH: Ni ile nyumba ya hewa ya watoto kurukia. Na kuna wazee wanapiga ngoma, na mama fulani anauza miche ya nyanya kwa kipaza sauti. Mtoto amepakwa rangi ya chui usoni ananiangalia tangu saa nne, nadhani ananionea huruma.

CHEPKOECH: Wewe umekula?

PENINAH: Nitakula.

(Mtandao unakwaruza.)

CHEPKOECH: ...mesema nini? Haloo?

PENINAH: Nimesema laini imesonga. Amebaki mmoja mbele yangu.

CHEPKOECH: Mbona amemaliza haraka hivyo?

PENINAH: Karatasi zake hazikuwa sawa, amerudishwa. Chep, kuna kitu lazima nikuambie na usipige kelele.

CHEPKOECH: Ni nini?

PENINAH: Saa saba nilikuwa nimefika mbele kabisa. Nilikuwa wa kuitwa. Nikaangalia mlango, nikakukosa. Nikapisha mtu. Nikangoja. Nikapisha mwingine. Nimepisha watu wanne.

CHEPKOECH: Asante. Hata sijui niseme nini, Mama Nyambura, hiyo—

PENINAH: Ngoja nimalize. Wa pili amechukua cheti kimoja.

CHEPKOECH: Amechukua?

PENINAH: Kijana wa watu, mpole, alinishukuru mpaka akaniinamia. Ameingia kwa nafasi yetu akatoka na cheti. Kimebaki kimoja.

CHEPKOECH: Kimoja.

PENINAH: Nilifikiri nafanya vizuri.

CHEPKOECH: Ni sawa. Si makosa yako, ni mimi na kichwa changu. Kimoja kinatosha, si ni mtu mmoja anakitafuta? Huyu aliye mbele yako yukoje?

PENINAH: Ni msichana. Ana karatasi moja tu mkononi, sidhani ana hata pasipoti.

CHEPKOECH: Mungu nisamehe, naomba asiwe nayo. Abdisamad anasema tumetoka Aston. Tunaenda sasa. Dakika ishirini.

PENINAH: Ishirini ni nyingi, Chep.

CHEPKOECH: Sasa fanya hivi. Ukiitwa, mpe jina langu. Mwambie nimefanya kazi miaka miwili, nina barua, nina pasipoti, niko njiani.

PENINAH: Alishaulizwa hivyo. Kuna mtu alikuja kwa niaba ya dadake, akamrudisha. Anataka mtu mwenyewe, na pasipoti mezani.

CHEPKOECH: Basi nipige picha nikutumie. Hii simu ya Abdisamad—

PENINAH: Mtu mwenyewe, Chep. Amesema ameshachomwa na picha za uongo.

CHEPKOECH: Mueleze. Wewe unajua kueleza watu. Ulimueleza yule daktari wa zamu mpaka akaja kwenye mvua.

PENINAH: Nitajaribu.

CHEPKOECH: Huyo bwana ni mtu wa wapi?

PENINAH: Ni Mkongo. Anaitwa Hugues. Ndiye meneja wa hiyo nyumba ya wazee. Kiswahili anajua, kile chao. Ni mtu mzuri lakini amechoka, anakunywa chai baridi.

CHEPKOECH: Mkongo ataelewa. Mkongo si anajua maana ya kuhangaika.

PENINAH: Huyu msichana ameinuka. Chep, ameinuka.

CHEPKOECH: Amepata?

PENINAH: Analia. Hajapata.

CHEPKOECH: Uwii, maskini. Asante Yesu. Maskini.

PENINAH: Ananiangalia.

CHEPKOECH: Nani?

PENINAH: Hugues. Ananiita.

CHEPKOECH: Pisha mwingine.

PENINAH: Chep—

CHEPKOECH: Pisha tu mmoja. Nyuma yako kuna nani?

PENINAH: Kuna mama na faili nene hivi. Vikaratasi vyake vimebandikwa rangi rangi. Huyo akikaa kwa kile kiti hainuki bila cheti.

CHEPKOECH: Basi kaa wewe. Kaa umuongeleshe. Muulize maswali mpaka nifike. Muulize zamu, muulize sare, muulize chakula. Dakika kumi na tano.

PENINAH: Chepkoech.

CHEPKOECH: Mbona unaniita hivyo?

PENINAH: Siwezi kumpisha huyu mama. Na siwezi kukaa bure.

CHEPKOECH: Kukaa bure ni nini? Sielewi. Wewe una muda, barua yako ya serikali hata haijaja. Ulisema bado.

(Kimya.)

CHEPKOECH: Mama Nyambura? Si ulisema bado?

PENINAH: Nimekaa, Chep. Ngoja. ... Ndiyo, ndugu yangu, habari ya mchana. Peninah. Peninah Wairimu. Hii hapa pasipoti. Na barua ni hii.

CHEPKOECH: Umempa barua gani?

PENINAH: ... Ndiyo, miaka miwili na miezi minne. Kutembelea wazee majumbani. Shard End hapa, na Winson Green, na—

CHEPKOECH: Peninah, umempa barua gani?

PENINAH: ... Mtoto mmoja. Msichana. Ana miaka kumi na sita, anafanya mtihani Mei.

CHEPKOECH: Unasikia nikikuuliza? Najua unasikia, simu iko kwa sikio lako. Peninah. Nilikuambia unishikie nafasi. Nilikuambia wewe, sikumwambia mtu mwingine. Ningemwambia Bethuel. Ningemwambia hata yule kuku wa barabarani.

PENINAH: Chep, tafadhali—

CHEPKOECH: Huo ndio utu? Nimelala kwa sofa yako miezi miwili. Nimekula kwako. Tumepiga magoti kwa hilo zulia tukiombea barua yangu, na wewe unayo yako kwa mkoba? Ulikuwa unaomba nini wewe?

PENINAH: Nilikuwa naomba vile ulikuwa unaomba.

CHEPKOECH: Abdisamad, endesha. ... Naye ananiuliza kama ni msiba. Ndiyo, Abdisamad, ni msiba.

PENINAH: Chep, nisikilize, hana muda. Anataka mtu aliyefanya kazi na mimi. Amepiga simu ya kampuni, haipokelewi, si unajua ofisi ilifungwa. Anasema bila mtu wa kunisimamia hawezi kusaini. Ataita huyu mama wa nyuma.

CHEPKOECH: Na kwa nini unaniambia mimi?

PENINAH: Kwa sababu ni wewe. Sina mwingine. Miaka miwili tumeingia kila nyumba wawili, kwa wale wazee wa kuinuliwa na mashine. Nani mwingine ananijua?

CHEPKOECH: Unataka nikusimamie.

PENINAH: Sikuombi. Nakuambia tu vile mambo yako.

CHEPKOECH: Mpe simu.

PENINAH: Chep, kama utamwambia vibaya—

CHEPKOECH: Mpe simu, Peninah.

(Mtandao unakwaruza. Ngoma kwa mbali.)

HUGUES: Allô, mama? Miye ni Hugues. Bonjour.

CHEPKOECH: Bonjour. Naitwa Chepkoech.

HUGUES: Huyu mama anasema mulitumika kazi pamoja. Ni kweli?

CHEPKOECH: Ni kweli. Kabla sijajibu, naomba nikuulize kitu. Mimi ndiye nilikuwa nije kwa hiyo laini. Nilipotea njia. Nina pasipoti, nina barua, nina vyeti vya kuinua wagonjwa na vya dawa. Kama huyo asingekuwepo, ungeningoja?

HUGUES: Uko wapi?

CHEPKOECH: Tumefika Ward End. Dakika kumi.

HUGUES: Dakika kumi, naweza kungoja. Nafunga saa tisa. Lakini, mama, cheti ni kimoja. Haiko viwili.

CHEPKOECH: Naelewa.

HUGUES: Basi sema. Na sema haraka, pardon, kwa sababu yake inamalizika leo.

CHEPKOECH: Yake nini?

HUGUES: Barua. Siku zake. Nasoma hapa, ni tarehe ya leo, usiku. Nikisaini sasa, mchana huu atapeleka maombi yake. Nikikosa kusaini, kesho hana kitu. Hukujua?

CHEPKOECH: (Kimya.)

HUGUES: Mama? Allô?

CHEPKOECH: Niko.

HUGUES: Nauliza neno moja tu. Nikimwacha peke yake na muzee usiku mzima, muzee yuko salama?

CHEPKOECH: Kulikuwa na mzee wetu mmoja Winson Green. Mkono na mguu wa kushoto haufanyi kazi. Alikuwa anatutukana. Tukifungua mlango anaanza, mpaka tufunge. Siku moja theluji ilianguka, mabasi yakasimama, mimi nikapiga simu nikasema siwezi kufika. Kampuni ikasema haina neno, mzee atangoja. Mama Nyambura alitembea. Alitoka kwake na miguu, mwendo wa saa mbili na nusu. Alimkuta amelala kwa uchafu wake. Mashine ya kumuinua inataka watu wawili, kwa hivyo hakumtoa kitandani. Alimgeuza pole pole, akamuosha pale pale, akabadilisha shuka, akamnyoa ndevu, akampikia uji.

HUGUES: Na muzee aliacha kutukana?

CHEPKOECH: Hapana. Alimtukana mpaka mlangoni. Na kesho yake Mama Nyambura akarudi tena.

HUGUES: (Anacheka kidogo.) Sawa.

CHEPKOECH: Hajawahi kusahau dawa ya mzee. Hajawahi kuandika kwenye kitabu kitu ambacho hakufanya. Mimi nimewahi, mara moja, nikiwa nimechoka, na yeye alinirudisha nikafanye. Msainie.

HUGUES: Una hakika?

CHEPKOECH: Usiniulize tena, tafadhali. Msainie.

HUGUES: Merci, mama. Mungu akusaidie. Ningepata kingine—

CHEPKOECH: Mrudishie simu.

(Kelele za watoto.)

PENINAH: Chep.

CHEPKOECH: Saini kwanza.

PENINAH: Amenigeuzia karatasi.

CHEPKOECH: Saini, huyo mama wa faili asije akakusukuma.

PENINAH: Nimesaini.

CHEPKOECH: Soma jina kama liko sawa. Watu hawa wanapenda kukosea majina yetu.

PENINAH: Liko sawa.

CHEPKOECH: Haya.

PENINAH: Nimetoka mezani. Niko huku karibu na mlango. Chep, sema kitu. Nitukane.

CHEPKOECH: Nimekukasirikia. Nataka ujue hivyo, isije ukafikiri mimi ni malaika. Nimekukasirikia sana.

PENINAH: Una haki.

CHEPKOECH: Ilikuja lini?

PENINAH: Siku tatu kabla ya yako.

CHEPKOECH: Kwa hivyo siku ile nilikuja kwako na barua nikianguka hapo mlangoni, wewe tayari ulikuwa nayo.

PENINAH: Ilikuwa kwa droo ya vijiko.

CHEPKOECH: Na ukanipikia githeri ukanibembeleza.

PENINAH: Ungetaka nifanye nini? Tukilia wawili, nani atapika? Halafu Nyambura alikuwa hapo anasoma. Nikisema kwa sauti mbele yako, nitakuwa nimemwambia naye. Nikaona ngoja. Nitaandika barua zako na zangu usiku. Nikiandika moja yako, naandika moja yangu. Nami wamenijibu hivyo hivyo, niwe na wikendi njema.

CHEPKOECH: Ungeniambia.

PENINAH: Ungenipa nafasi yako. Nakujua. Ungesema nitangulie kwa sababu nina mtoto. Sikutaka kupewa.

CHEPKOECH: Lakini umechukua.

PENINAH: Nimechukua. Asubuhi niliamka nikisema viko viwili, kimoja changu, kimoja chake. Nimekuja hapa na furaha, wallahi kama wanavyosema kina Abdisamad. Saa saba ningekaa kwa kile kiti, ningekuwa nimepata changu, chako kikabaki hapo mezani. Niliogopa nikikaa kwanza, wewe ukifika utasema nimekuruka. Nikapisha watu ili tuingie pamoja. Kwa heshima. Angalia heshima imetufikisha wapi.

CHEPKOECH: Usilie huko mbele ya watu.

PENINAH: Wanafikiri ni mzio wa maua. Mama wa miche amenipa karatasi ya kupangusa pua.

CHEPKOECH: (Anacheka.) Mama Nyambura, mimi naogopa.

PENINAH: Najua.

CHEPKOECH: Nimesema yale maneno kwa yule bwana kama mtu jasiri, na mimi si jasiri. Jumanne ni kesho kutwa tu.

PENINAH: Kesho ni Jumapili, halafu Jumatatu, halafu Jumanne. Ni siku tatu. Kuna watu wamepata kwa siku moja.

CHEPKOECH: Nani?

PENINAH: Mimi.

CHEPKOECH: Acha nimrudishie Abdisamad simu yake.

PENINAH: Ngoja. Usikate. Hapa mlangoni wamebandika ratiba ya mambo yote ya mwezi huu na ujao, mtaa kwa mtaa. Hebu nikusomee. Jumapili, kuokota takataka Lozells, wanagawa glavu na chai. Hapana. Jumapili mchana, ibada ya pamoja na chakula.

CHEPKOECH: Hapo kuna waajiri?

PENINAH: Kuna wali. Lakini watu huja, Chep, mtu anaweza kumjua mtu. Jumatatu, chai ya wazee na kupanda maua, Winson Green. Hapo kutakuwa na watu wa nyumba za wazee, si ndio? Wanawaleta wazee wao kwa basi. Tutaenda. Nitakuja na wewe, tutauliza kila anayesukuma kiti.

CHEPKOECH: Endelea.

PENINAH: Jumatatu jioni, kufundishwa kutengeneza baiskeli. Jumanne... Jumanne hakuna kitu. Jumatano, kwaya. Alhamisi... Chep.

CHEPKOECH: Nini?

PENINAH: Alhamisi kuna meza za kazi tena. Wameandika waajiri sita wa kutunza wazee. Sita, na wote wana kibali cha kudhamini. Saa nne asubuhi, Winson—

CHEPKOECH: Alhamisi.

PENINAH: Eeh.

CHEPKOECH: Jumanne ndiyo yangu, Mama Nyambura.

PENINAH: Najua. Nimesoma tu. Pole. Nimesoma tu vile imeandikwa.

(Mtandao unakwaruza.)

CHEPKOECH: ...anataka simu yake. Amepata abiria, kazi yake ndiyo hiyo. Ananiuliza anishushe hapo au anirudishe. Hataki hata nauli, huyu mtu.

PENINAH: Mwambie akulete. Nakungoja hapa mlangoni, sitoki.

CHEPKOECH: Hiyo ya Alhamisi, inataka kujiandikisha?

PENINAH: Kuna karatasi imening'inizwa na kalamu. Watu wameandika majina. Imebaki mistari miwili.

CHEPKOECH: Niandike.

PENINAH: Lakini Jumanne ikipita—

CHEPKOECH: Niandike, Mama Nyambura. Hata kama nitakuwa wapi. Andika jina langu lote, usiandike Chep.

PENINAH: Kalamu hii haitoki wino vizuri. Ngoja. Che... pko... ech. Jina la baba?

CHEPKOECH: Kibet. Chepkoech Kibet. Na uandike kwa herufi kub—

PENINAH: Nimeandika. Linaonekana vizuri. Chep? Nimeandika, umesikia? Haloo?